Vijinzi jikoni wananikimbizia wateja wa juisi. Msaada wakuu, nipo Kitangiri

MamaJuisi – Jumapili usiku

Habari za usiku wakuu. Nauza juisi nyumbani hapa Kitangiri, Mwanza. Msimu huu ni embe na pasheni, embe zikiisha naingia kwenye nanasi. Mwaka wa pili huu sijawahi kulalamikiwa. Sasa ni wiki ya tatu jikoni kuna vidudu vidogo vinaruka. Vinakaa ukutani juu ya sinki, vinakaa kwenye mdomo wa jagi. Ukipitisha mkono vinapanda vyote kama vumbi, halafu vinarudi palepale.

Jana mteja wangu mmoja, mwalimu, wa kila siku, kainua glasi, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka mezani taratibu. Hakusema neno. Akalipa, akaondoka. Bora angenitukana.

Nilichofanya mpaka sasa: nimepuliza dawa ya mbu siku tatu mfululizo, wanakufa, kesho yake wapo. Nimedeki kwa jiki. Taka natoa kila jioni. Jirani anasema ni wale wa ziwani wanaingia dirishani, kwa hiyo nimefunga dirisha na sasa napika kama niko ndani ya tanuri. Nifanyeje?

Mpita Njia

Uzi wa maana, naweka kigoda changu hapa. Mabatini hali ndiyo hiyohiyo.

Ngosha wa Igombe

Dada, jirani kakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mimi nimekulia Igombe, kutoka mlangoni kwetu hadi majini ni hatua mia tu. Wa ziwani hawaji kumi kumi. Wanakuja kama moshi. Ukisimama ufukweni unaona nguzo nyeusi imesimama juu ya maji, mgeni anadhani kuna mtumbwi unaungua. Wakifika nchi kavu wanafuata taa, na asubuhi unawazoa kwa beleshi chini ya balbu ya nje. Hawaumi, na juisi yako hawana shida nayo. Wakishaota mabawa wanabaki na siku chache tu, wanapandana, wanakufa. Umri wao wote wa nyuma wameumalizia wakiwa funza, kwenye tope na maji ya ziwa, na wengi huishia tumboni mwa dagaa kabla hata hawajaruka.

Halafu wana ratiba. Wanatoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama, kisha wanapotea. Hao wako wana wiki tatu bila likizo. Fungua dirisha, mama.

MamaJuisi

Nimefungua. Wabeja kaka, angalau napumua.

Mzee wa Mwaloni

Mwanangu, mwaga kikombe kimoja cha mafuta ya taa kwenye sinki. Zamani ndivyo tulivyofanya.

Fundi Bomba Igoma

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hilo naomba tuliache. Mafuta ya taa yanaharibu zile raba za kwenye viungio, bomba linaanza kuvuja ndani ya kabati na mimi naitwa saa mbili usiku. Harufu inakaa wiki nzima, na huyu anauza vinywaji. Tena sisi tunaokaa hapa milimani maji ya sinki yanateremkia wapi? Mtaroni. Na mtaro? Ziwani.

Mzee wa Mwaloni

Marahaba. Basi nimeketi, nasikiliza.

Kijana wa Maabara

Shikamoo dada. Naomba kazi moja ndogo kabla hujanunua dawa nyingine. Kamata mmoja kwa selotepu, mbandike kwenye karatasi nyeupe, mtazame juani. Macho yake rangi gani? Mabawa ni laini kama nailoni au yana manyoya? Chukua mmoja wa kwenye jagi na mmoja wa ukutani, usichanganye.

MamaJuisi – Jumatatu mchana

Marahaba mdogo wangu. Nimewakamata. Wa kwenye jagi mwili una rangi ya chai ya maziwa, macho mekundu kama kichwa cha kiberiti. Wa ukutani juu ya sinki si ndugu yake! Huyu ni wa kijivu, ana manyoya, mabawa kayakunja kama paa la nyumba, utadhani ni nondo aliyekosa chakula. Nilipombonyeza kaacha unga kidoleni. Ina maana nina makabila mawili humu ndani?

Kijana wa Maabara

Ndiyo, na ndiyo maana kila unachofanya kinaonekana hakifanyi kazi. Ukimbana huyu, yule anaendelea.

Wa macho mekundu ni Drosophila, yule anayependa vitu vilivyoanza kuchacha. Watu wanaamini anatoka ndani ya ndizi. Hapana. Jike anataga juu ya ganda au kwenye mchubuko, na yai lina urefu wa nusu milimita tu, huwezi kuliona ukiwa sokoni unapatana bei. Kwenye joto la nyuzi 25 yai linaanguliwa baada ya siku moja hivi, funza anakula siku nne au tano, anajifungia ganda siku nyingine kama hizo, anatoka akiwa na mabawa. Jumla kama siku kumi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 400 maishani mwake. Na jikoni kwa mtu wa Mwanza joto halisubiri kuambiwa lipande.

Jambo ambalo wengi hawalijui: hahitaji tunda zima. Funza wake anakula ile chachu inayoota kwenye kitu kitamu kilicholowa. Utando wa juisi chini ya chupa unamtosha, au dekio lililowekwa nyuma ya mlango likiwa bichi, au kiazi kimoja kilichooza chini ya kiroba. Sharti ni pawe na unyevu kwa wiki moja bila kuguswa.

Kwa hiyo dawa ya mbu inaua wanaoruka. Walioko ndani ya uchachu hawana habari kwamba umepuliza. Na mahali unapotengeneza vinywaji mimi nisingepuliza hata kidogo, inatua kwenye vyombo.

Wa manyoya ni nzi wa kwenye mabomba. Anazaliwa kwenye ule ute wa ndani ya bomba la sinki. Huyo namwachia fundi.

Ipo na aina ya tatu, weusi wembamba wenye miguu mirefu, wanaozunguka vyungu vya maua. Hao wako kwenye udongo, ukiacha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena wanapungua wenyewe. Una maua jikoni?

Tena huyo wa macho mekundu msimdharau. Februari 1947 Wamarekani waliwarusha angani ndani ya roketi ya V-2, wakashuka hai, kabla ya mbwa na kabla ya nyani. Na mwanasayansi Thomas Hunt Morgan alipata tuzo ya Nobeli mwaka 1933 kwa kazi aliyoifanya juu ya vijinzi hawahawa kwenye chupa.

Mpita Njia

Sisi tunataka kuwatoa, wewe unawaombea pasipoti 😂

MamaJuisi

Maua sina, nina mchaichai tu kwenye kopo, nao uko nje. Fundi, uwanja wako.

Fundi Bomba Igoma

Usiku, sinki likishakauka, kata selotepu pana uibandike juu ya tundu, upande wa gundi utazame chini. Usizibe lote, acha upenyo hewa ipite. Rudia siku tatu nne. Wakinasa kwa chini, wanatoka humo. Wasiponasa, usisumbue bomba la watu.

Wakinasa: maji ya moto peke yake hayatoshi, na jiki peke yake haitoshi, maana vyote vinapita juu ya ute na kuondoka. Ute unaondoka kwa kusuguliwa. Weka ndoo chini, fungua lile bomba lililopinda chini ya sinki (la plastiki linafunguka kwa mkono), lisugue kwa burashi ya kuoshea chupa na sabuni. Sugua na shingo ya tundu kwa juu, na lile tundu dogo la pembeni la maji yakizidi, huko ndiko watu husahau. Maji ya moto yasiwe ya kuchemka kama bomba ni plastiki, yawe yale ambayo mkono unavumilia kwa shida.

Na kitu kimoja nisije nikalaumiwa: usimwage jiki halafu ukaongeza siki juu yake ukidhani unazidisha nguvu. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini. Kajiko kenyewe kadogo, utatoka humo unakohoa hadi machozi.

Mama Juisi wa Buhongwa

Shoga wa kazi, pole. Swali langu: kitambaa cha kuchujia unakiweka wapi usiku? Mimi yalinikuta mwaka juzi, nilikuwa nakisuuza tu na kukitundika kwenye koki. Kumbe kilikuwa hakikauki katikati. Sasa nakichemsha na kukianika juani, vitambaa viwili kwa zamu. Na maganda ya embe hayalali ndani, hata ndoo iwe na mfuniko.

MamaJuisi

Eeh, changu nacho nilikuwa nakitundika kwenye koki. Najifunza. Nakwenda na selotepu.

MamaJuisi – Alhamisi jioni

MREJESHO. Usiku wa kwanza walinasa watano, wote wa manyoya. Leo nimefungua bomba. Wakuu, samahani kwa wanaokula. Ndani kulikuwa na ute mweusi kama grisi ya baiskeli, na ndani ya ute vitu vyembamba kama nyuzi vinajinyonganyonga. Nikapata na kijiko cha mwanangu kilichopotea tangu Pasaka, na dada wa kazi alishaondoka nikimshuku. Nimeona haya kweli.

Nimesugua, nimefunga, halivuji. Ila wa macho mekundu wapo vilevile, hawajapungua hata mmoja. Matunda yote sasa yapo kwenye friji, kitambaa nimechemsha, taka nje. Wanakula nini?

Binti Kagera

Dada, kwetu Bukoba ndizi zikikanyagwa kwa ajili ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, vijinzi hao wanajua kabla ya majirani. Wanafuata harufu ya kuchacha, na wewe tumia hiyohiyo.

Chukua glasi. Siki vijiko vitatu, kipande cha embe iliyoiva hadi inatoa maji, na tone MOJA la sabuni ya kuoshea vyombo. Juu tengeneza koni ya karatasi, ncha iingie ndani ya glasi na iwe na tundu la kupita nzi mmoja. Bila sabuni anatua juu ya siki, anakunywa, anaondoka ameshiba. Sabuni inavunja ile ngozi ya maji, akitua anazama. Ukizidisha sabuni harufu yake inamfukuza.

Lakini sikiliza vizuri, mtego hauwamalizi. Mimi nautumia kuwauliza wanakotoka. Tega glasi nne, kila moja kona yake, uziache usiku kucha, asubuhi hesabu. Iliyojaa zaidi ndiyo iko jirani na kitanda chao.

Mkulima wa Maembe

Nimesoma kuanzia juu na jina linanikera. Nzi wa matunda kwetu shambani ni mwingine kabisa, mkubwa kuliko huyo mara mbili na zaidi, ana michirizi ya njano mgongoni. Yule anatoboa embe ikiwa bado mtini na kutaga ndani. Ukikata embe nzuri kwa nje ukakuta funza, ni yeye. Aina inayotuumiza zaidi ilitoka Asia, ikaonekana Kenya mwaka 2003, muda mfupi ikawa na huku kwetu. Embe zilizoanguka tunazifukia chini sana au tunazifunga ndani ya mfuko juani mpaka funza wafe. Sasa mtu akienda duka la kilimo akasema "nipe dawa ya nzi wa matunda" kwa ajili ya jikoni, atapewa mtego wa kuvutia madume wa shambani, na Drosophila wake hatausogelea.

Kijana wa Maabara

Ni kweli mkuu, hata vitabuni ni familia mbili tofauti zilizopewa jina moja. Ndiyo maana nimekuwa nikisema "macho mekundu".

Mkulima wa Maembe

Basi tumeelewana. Embe unanunua wapi dada? Nina mzigo.

Mpita Njia

Biashara haina adabu.

MamaJuisi – Ijumaa asubuhi

Nimeamka saa kumi na moja kuhesabu maiti. Dirishani 6. Sinki 9. Kabati la viungo 3. Pembeni ya friji 58.

Hamsini na nane! Na pale hakuna kitu, sakafu kavu, nimevuta friji nikafagia, nikakuta kifuniko cha soda na sarafu ya mia. Ndani ya friji nimeosha hadi raba ya mlango. Nimechanganyikiwa.

Fundi Friji Nyakato

Nyuma, chini, juu ya mota. Kuna kitrei. Chomoa umeme kwanza.

MamaJuisi – Ijumaa, saa 2 asubuhi

Sijui nianzie wapi.

Friji ninayo miaka minne sikujua kama ina trei nyuma. Ni kitu cha plastiki cheusi, ukubwa wa daftari, kimekaa juu ya mota. Nimemulika kwa tochi ya simu. Ndani kuna uji mzito wa rangi ya machungwa uliogeuka kahawia, na juu umefanya ngozi. Ngozi inatembea. Ni funza weupe, wembamba kama punje ya mchele iliyopasuliwa mara nne. Kwenye kingo, pale pakavu, vimebandikana vitu vya kahawia kama ufuta kwenye mkate, mamia. Nimegusa trei, ya uvuguvugu. Harufu ni ya pombe iliyolala.

Nimekumbuka. Zaidi ya wiki tatu zilizopita umeme ulikatika usiku, mtoto akafungua friji gizani, jagi la embe likalala ndani. Nilifuta rafu zote. Kumbe mle ndani kwa nyuma kuna kijitundu, nusu jagi ilishapita.

Fundi Friji Nyakato

Hicho kijitundu ni cha kupitishia maji barafu inapoyeyuka. Maji yanateremka kwenye trei, joto la mota linayakausha, ndiyo kazi yake. Ikiteremka juisi, maji yanakauka, sukari inabaki. Umewajengea wodi ya wazazi yenye joto.

Trei yako kama inachomoka, itoe, ioshe kwa sabuni nje ya nyumba. Kama haichomoki, nyonya kwa sifongo na kitambaa kidogokidogo, usimwage maji kwenye mota. Halafu chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji ya vuguvugu yenye sabuni, sukuma kwenye kijitundu cha ndani mara kadhaa mpaka yanayotokea nyuma yawe meupe. Usisahau hiyo, bomba lenyewe limepakwa juisi njia nzima. Ukishamaliza acha pakauke ndipo uchomeke.

Mama Juisi wa Buhongwa

Nimekimbia kuangalia yangu. Kavu, ila kuna mende mmoja amekufa zamani. Kila mtu na yake.

Mzee wa Mwaloni

Hata mimi nimemtuma mjukuu akaangalie. Kumbe uzi huu una faida.

MamaJuisi – Jumatatu, wiki iliyofuata

Glasi ya pembeni ya friji: Jumamosi 31, Jumapili 22, leo 12. Wanapungua lakini mbona hawaishi? Trei ni safi, naikagua kila siku kama mtoto mchanga.

Kijana wa Maabara

Usiogope. Waliokwishazaliwa bado wanaishi, na yale magamba kama ufuta huenda mengine yalidondoka chini au ukutani nyuma ya friji wakati unavuta. Funza wakikaribia kugeuka huwa wanatambaa kutafuta pakavu. Pangusa ukuta wa nyuma na chini ya friji kwa kitambaa chenye sabuni. Endelea na glasi, badilisha siki kila baada ya siku mbili. Mpe siku kumi kamili kuanzia ulipoosha trei. Wakipita siku hizo na bado wanaongezeka, pana kitanda kingine, tunaanza upya.

MamaJuisi – siku ya kumi na moja

5, 2, 0, 1, 0. Na leo 0.

Wa manyoya nao sijawaona tangu Jumatatu. Nimenunua chujio la sinki na burashi ndefu, Jumamosi ndiyo siku ya kusugua. Dawa ya mbu nimeirudisha chumbani kwa kazi yake.

Mwalimu hajarudi. Nilimwona jana kwa Mangi anakunywa soda, tukasalimiana tu. Lakini dada wa kazi nilimpigia simu, nikamwambia kuhusu kijiko. Alicheka sana, akasema na yeye alidhani namsingizia, atapita Jumapili.

Wabeja sana wote. Binti Kagera, fundi wote wawili, juisi yenu ipo, mkipita Kitangiri.

Mkulima wa Maembe

Na mimi?

MamaJuisi

Na wewe, leta kreti mbili tuone. Nitazikagua moja moja.

Ngosha wa Igombe

Dada hongera. Ila nikujulishe tu, mwezi umeandama juzi, na jioni hii nimeona moshi umesimama juu ya maji upande wa kisiwa. Upepo ukigeuka watafika huko kwenu. Hao wakija, sasa ndiyo funga dirisha na uzime taa ya jikoni.

MamaJuisi

Jamani.